Tranziti ya Mwezi wa Ine

Jumanne tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka 2024, mchana kweupe, neno moja la Kifaransa lilimwingiza mke wangu kasho, chumba cha mahabusu.

Alikuwa anarudi kutoka Runingu kumwangalia mama yangu mgonjwa. Alipanda moto, pikipiki ya kukodi, na kwenye barieri, kizuizi cha askari, wakamshusha. Siku hizo wale wa barieri walikuwa wanafungua telefone za watu, eti wanatafuta wenye kumtumia adui habari kule milimani. Kama adui yuko milimani, sijui kwa nini walimtafuta ndani ya mikoba ya wanawake. Hayo waulizwe wakubwa, ndio walioagiza. Askari alifungua telefone ya Bernardine, akasoma polepole kwa kidole, akafika kwenye neno analolijua. Akasimama hapo.

Mesaji ilitoka Uswisi, kwa mama mmoja anayeitwa Agathe. Ilisema hivi: "Tranziti ya tatu inangojewa kati ya Jumamosi tarehe 6 na Jumapili tarehe 7 mwezi wa nne. Satelite itakuwa tayari. Isipopita, tutajua njia ambayo haitumii. Usitangaze bado."

Weye unayesoma, kama hukai Uvira, nikuelezee. Huku kwetu tranziti ni ule uzio wenye mahema meupe, wanapowekwa watu waliovuka mto Ruzizi kukimbia Burundi, wakingoja Leta, yaani serikali, iamue wataenda wapi. Tranziti ni watu. Mtu akiandika kwamba tranziti itapita Jumamosi, satelite iko tayari, usitangaze, hata mbuzi wa mtaa wa Mulongwe angeshtuka.

"Nani njo atapita?" askari akamuuliza.

"Sayari."

"Sayari? Iyo ni jina yake ya vita?"

Bernardine akacheka. Mwenye moto aliniapia kwamba hakucheka kwa dharau, alicheka vile alivyokuwa akicheka darasani mwanafunzi akikosea. Lakini barieri haina wanafunzi. Wakamwomba karte ya utambulisho, wakasoma Irankunda, jina la Kirundi, na askari akasema tu, "Aah. Kumbe." Bernardine alizaliwa Luberizi, baba yake alizaliwa Luberizi, babu yake amezikwa hukohuko kwenye migomba yake mwenyewe. Haikusaidia kitu.

Mimi ni maçon, fundi wa kujenga. Nilisoma mpaka ya nne ya primaire, kisha nikashika mwiko. Yeye alifundisha fizikia kwenye sekondari moja ya mji. Watu walikuwa wanauliza alinipendea nini. Siku moja na mimi nikamuuliza, akanijibu, "Ukuta wako haulali." Basi, tukaishi na jibu hilo.

Akimaliza kusahihisha interro za wanafunzi, alikuwa anaketi mlangoni na telefone yake, anaangalia vidoto. Huko juu, kupita mawingu, kuna darubini zinazoelea. Zinaangalia sehemu moja ya mbingu muda wa mwezi hivi, zinaandika mwanga wa kila nyota kwa vidoto, kisha zinageukia upande mwingine. Vidoto ni vingi mno, ndiyo maana wasomi wa huko wanaomba mtu yeyote mwenye macho awasaidie. Vidoto vikishuka ghafla kisha vikapanda tena, maana yake kitu kimepita mbele ya nyota, dunia kama hii yetu inayozunguka jua lake. Kupita huko ndiko wanakoita tranziti. Zile zinazopita kila baada ya siku chache ni rahisi. Bernardine alipenda zile za mbali, zenye mwaka mrefu, ambazo darubini inaziona mara moja tu, kisha inageuka.

Nyota yake haikuwa na jina, ilikuwa na namba ndefu kama namba ya simu. Ilififia kidogo mwezi wa nane wa 2019, wakaiona. Darubini ikaenda zake. Iliporudi mwaka wa 2021, ikafifia tena mwezi uleule, na macho yaliyoona mara hiyo ya pili yalikuwa ya mke wangu, mlangoni petu, sombe ikiwa motoni. Ndipo Agathe akaanza kumwandikia kama dada yake.

"Sasa mwaka wake ni wa muda gani?" nilimuuliza.

"Papa Chérie," akasema. Ndivyo alivyoniita, kwa jina la binti yetu anayesoma Bukavu. "Unamujua Mama Olga wa viazi?"

"Ule wa kule milimani, Bijombo?"

"Njo ule. Weye unashinda chantier kujenga. Ulimuona anapita hapa Noël, ukamuona tena Pasaka. Anapitaka mara ngapi?"

"Nitajuaje? Pengine kila juma. Pengine kila mwezi. Pengine sikukuu tu."

"Sasa ubaki nyumba Jumamosi moja ya katikati. Kama hapiti?"

"Basi haiko kila Jumamosi."

"Umeona? Hakupita, na umejua kitu."

Kwa nyota yake ilikuwa imebaki miaka ya namna tatu. Pengine ile dunia inazunguka kwa miaka miwili kamili, na walikuwa wameiona kila mara. Pengine kwa mwaka mmoja, na katikati ilipita mara moja bila kuangaliwa. Au kwa miezi minane, na katikati ilipita mara mbili. Kama ni minane, ilitakiwa kupita tena tarehe 6 ya mwezi wa nne. Wakubwa wa darubini nyingine walikubali kuigeuza siku hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa Jumamosi yao ya kubaki nyumbani.

Biro ya usalama waliyompeleka sitaitaja, wenyewe wanajijua. Iko chini, upande wa ziwa. Mkubwa wake tulimwita shefu Pitchou. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema taratibu, akimenya karanga za wamama waliokamatwa sokoni, na maganda aliyapanga vizuri pembeni ya meza.

"Weye njo bwana ya ule Murundi?"

"Minye njo bwana ya Bernardine, shefu. Ni Mukongomani."

"Unielezee iyo tranziti. Polepole. Minye si mwalimu."

Sikuwa na njia nyingine, nikamwelezea kwa viazi. Nakwambia, katika maisha yangu hakuna mkubwa aliyewahi kunisikiliza vile. Aliacha hata karanga. Nilipomaliza akafikiri kidogo.

"Uyu Mama Olga anatoka Bijombo."

"Ndiyo, shefu."

"Anashukaka siku zenye hamujue."

"Ni mfano, shefu."

"Na bibi yako anahesabu siku zake za kushuka."

"Shefu, ni mfano tu. Mama Olga iko sawa sayari."

"Aah!" Akamgeukia mwenzake aliyekuwa kwenye mashine. "Andika. Sayari ni mwanamuke. Anauzisha viazi."

Mama Olga walimkamata sokoni. Walimkalisha juani, kwenye ua, wakamwaga gunia lake, wakakata kila kiazi katikati wakitafuta karatasi za adui. Hawakuona kitu. Wakachukua sufuria, wakavipika, kwa sababu, mlinzi mmoja aliniambia bila hata aibu, "kiazi yenye imekatwa haingojake." Walipomwachia alipita mtaani kwetu na gunia tupu, sikio limevimba, akasimama mbele yangu.

"Papa Chérie, minye nilikukosea nini?"

Hajapita tena. Wamama wa mtaa mpaka leo wanasema ni mdomo wangu. Hapana. Mdomo ulisema mfano. Aliyeshika kisu ni mwingine. Mtu asiyejua mfano ni nini asipewe ufunguo wa kasho, ndivyo ninavyosema, na aliyempa ufunguo ana mkubwa wake, na huyo naye ana wake, mpaka juu kabisa, na wote usiku wanalala vizuri.

Nilizunguka kwa wengine wenye vyeo. Mkuu wa shule alisema mambo ya usalama si ya shule, na juma lilelile akaweka mwalimu mwingine darasani kwa Bernardine. Mkubwa wa quartier, mtaa wetu, alinisikiliza amesimama, kisha akanirudisha kwa Pitchou. Namba ya Agathe ilikuwa ndani ya telefone, na telefone ilikuwa mezani kwa Pitchou. Chérie, kutoka Bukavu, aliandika kwenye anwani ya wale watu wa vidoto. Mashine ikamjibu kumshukuru kwa kupenda nyota.

Kisha Pitchou akaniita mwenyewe. Nafikiri hadithi ya viazi ilikuwa imeanza kumletea aibu, na mkubwa wa huku akipata aibu haachi, anabadilisha mchezo.

"Bibi yako anasema ni kitu ya kule juu."

"Ndiyo, shefu."

"Na siku imeandikwa."

"Imeandikwa."

"Muzuri sana. Tutangoja. Telefone yake iko hapa, minye mwenyewe naichargeaka. Ile kitu ikipita, ataenda kwake, na nitamuomba pardon mbele ya banafunzi bake. Isipopita, alinidanganya. Muntu wa kudanganya usalama, namutuma Kinshasa."

Wenzake wakapiga makofi. Tangu hapo ikawa kicheko cha biro nzima. Nikija na chakula, kwa sababu kasho ya huku haimlishi mtu, mlinzi alikuwa anafungua sahani, anachagua ndagala wakubwa, ananipigia saluti: "Papa Sayari! Iko njiani?"

Mimi nilifurahi. Niliona mlango. Nilikimbia mpaka kwenye tundu la ukuta wa nyuma, tulipokuwa tunaruhusiwa kusemezana, nikamwambia yote.

"Ulikubali?"

"Nani aliniuliza?"

"Papa Chérie, haitapita."

"Unajua namna gani?"

"Sijue. Ila minye na Agathe tunafikiria kama haitapita. Miezi munane tuliiweka mbele juu ya kuitosha tu, kuiondoa mu hesabu. Tulitaka tuitoshe."

"Basi nitamuomba Mungu ipite."

"Usimuombe bure. Ule mwangaza wa Jumamosi ulishatoka kule zamani, babu zetu hawajazaliwa. Kitu ilishapita, ao haikupita. Imekwisha." Nilisikia pumzi yake kwenye tundu. "Rudia kwa Pitchou. Umwambie kama kutopita nayo ni jibu."

Nikarudi. Nikamwambia, shefu, ikipita ni jibu, isipopita ni jibu.

"Kwako kila kitu ni jibu," akasema. "Minye nataka moja."

Mvua za mwaka ule unazijua kama ulikuwa huku. Ziwa lilipanda likaingia manyumba ya chini, likafika kwenye ua wa biro, likaingia kasho. Nilileta matofali yangu na sementi kidogo, nikaomba ruhusa ya kuinua sakafu pembeni tu, wafungwa wapate pa kukaa. Pitchou akatazama matofali. Akasema wazo ni zuri. Akaniamuru nijenge kizingiti mbele ya mlango wa ofisi yake, maji yasimlowanishe viatu. Nilijenga. Alisimama juu yangu ameshika mwavuli, akinionyesha kwa kidole palipohitaji kusawazishwa vizuri. Mke wangu alikuwa nyuma ya ukuta uleule, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

Jumamosi tarehe 6 ilipita kama Jumamosi nyingine. Jumapili, misani, padri aliombea waliofurikiwa. Mimi niliombea ile kitu ipite, hata kama nilikatazwa. Nilimwambia Mungu: weye hushindwi, irudishe huko zamani uipitishe.

Jumatatu Pitchou akatuma niitwe. Alikuwa ameweka telefone katikati ya meza, na watu wake wote wamejaa ndani, wengine wamekaa dirishani.

"Unajua *rien*, Papa Sayari?"

"Ni hakuna, shefu."

"Sikia sasa." Akasoma kwa sauti ya padri, mkono mmoja juu. "*Rien! Magnifique! Bravo, Bernardine!* Aliweka na maua. Tatu. Uyu mama wa Uswisi hana akili?"

Wakacheka wote.

"Anamusifu, shefu. Muntu hasifu muongo."

"Anamusifu juu ya kazi gani, na hakuna kitu ilipita?"

"Kazi ya kujua kama haipiti."

Pitchou alicheka mpaka akajifuta macho kwa tai yake. Yule wa dirishani nusura aanguke nje. "Bravo juu ya hakuna!" wakawa wanasema, wakipeana mikono. "Na minye leo sikufanya kitu, munipatie bravo!"

Sijui nguvu nilitoa wapi. Nikasema, "Shefu, weye ulitafuta adui mu viazi. Ulikuta *rien*. Ulijua nini?"

Pitchou akaacha kucheka, akakunja tai taratibu, akairudisha kifuani.

"Nilijua kama amejificha muzuri," akasema. "Bibi yako ataenda Kinshasa. Peleka ile habari."

Niliipeleka. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa tundu, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima.

"Haikupita," nikamwambia.

Nikachungulia. Alikuwa amesimama ndani ya maji, amefumba macho, na anatabasamu.

"Basi haiko miezi munane," akasema.

Nilitaka kumpiga kofi kupitia lile tundu. Nakuandikia ukweli. "Unafurahi? Banakutuma Kinshasa, na weye unafurahi?"

"Kidogo tu, Papa Chérie. Uniache nifurahi kidogo."

Hawakumtuma Kinshasa. Barabara ilikuwa imekatika, na boti ya Leta ilikuwa na kazi za wakubwa. Wakamwacha palepale, na yale maji hayakuwa ya ziwa tena, yalikuwa yameshachanganyika na ya choo. Ulipoanza ugonjwa wa kuhara, mlinzi aliripoti kwa Pitchou kwamba mwalimu anatapika. Pitchou akasema anajifanya, kwa sababu amesikia habari ya Kinshasa. Kesho yake mlinzi akaripoti tena. Akasema tena anajifanya. Siku ya tatu ndipo wakanifungulia, nikambeba na jirani zangu wawili juu ya mlango tuliong'oa nyumbani. Muuguzi alifinya ngozi ya tumbo lake, ikabaki imesimama kama kitambaa. Akamtundikia maji, akatafuta mshipa wa pili, hakuupata. Bernardine alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno dogo la nyumbani, pengine juu ya chungu, pengine juu ya mtoto. Alikata roho kabla hajalisema.

Nilienda kumwambia Pitchou kwamba amemuua.

"Aliuawa na maji," akasema. "Ziwa haiko chini yangu."

Hakuniambia pole. Nilitoka nikivuka kizingiti, maji yalikuwa nje, ndani pakavu.

Pitchou hayuko Uvira tena. Walimpandisha cheo, akaenda mji mkubwa. Aliyekuja mahali pake alifagia meza, akakuta telefone, akaniita niichukue. Ilikuwa imejaa moto wa betri, asilimia mia. Pitchou katika hilo alishika neno lake.

Ndani kulikuwa na mesaji nyingine za Agathe. Chérie alinisomea. Agathe anaandika kwamba sasa imebaki miaka ya namna mbili tu, na mwezi wa nane darubini itageuzwa tena kuangalia. Kama itaonekana, mwaka wa ile dunia ni sawa na wetu huu. Isipoonekana, ni miwili. Anasema katika kikundi chao kuna desturi ndogo ya kufurahisha roho: kabla ya kuangalia, kila mtu anasema anachofikiri. Wote wameshasema. Anamngoja yeye.

Chérie anataka kumwandikia kwamba mama amekufa. Nimemkataza. Si sisi wa kuandika hayo. Kila Jumatatu navaa shati, nachukua telefone, naenda biro ile, naiweka mbele ya huyu shefu mpya. Namwambia: huyu mama wa Uswisi ameuliza kitu, na mtu aliyeulizwa alikuwa mikononi mwenu, basi mjibuni nyinyi. Anasema dosiye imefungwa. Anasema, mzee, nenda ukapumzike. Juma lililopita aliisoma mwenyewe, mara mbili, midomo ikitembea, kisha akanirudishia.

Mesaji ya mwisho ni fupi, Chérie ameniandikia kwa Kiswahili nyuma ya picha ya mama yake:

"Bernardine, mwaka mmoja au miwili? Weye unasema upi?"